Kutamka majina ya mahali kama wenyeji: mwongozo kamili, kuanzia Nyang'hwale hadi Rutshuru

Siku yangu ya kwanza kusoma taarifa ya habari katika redio moja ndogo ya Kanda ya Ziwa, karatasi ilikuwa na habari ya mradi wa maji Nyang'hwale. Niliipitia mara tatu kabla ya kuingia studio, nikajiona nimeiweza. Nikasema "Nyangwale", tena kwa sauti nzito ya mtangazaji, nikaendelea na bei ya pamba. Kabla kipindi hakijaisha simu ikalia. Mzee mmoja, wala hakuwa na hasira, akaniuliza: "Mwanangu, hao watu waliopata maji umesema ni wa wapi?" Nikarudia. Akacheka, akasema, "Basi umetuongezea wilaya."

Tangu hapo naandika kadi za majina. Mwongozo huu umetoka kwenye kadi hizo, na nimeupanga kwa ajili ya mtu yeyote ambaye kazi yake humlazimisha kutaja mahali asikozaliwa: mtangazaji, karani wa tiketi, dereva wa masafa, mwalimu aliyepangiwa kituo kipya, mtu wa vifurushi, hata shangazi anayekwenda kutoa posa kwa watu wa mbali.

Shida yetu sisi Waswahili ni kwamba lugha yetu inasomeka kama ilivyoandikwa. Tumezoea kuamini macho. Tukiona jina limeandikwa kwa a, e, i, o, u, tunalisoma Kiswahili bila kufikiri, hasa kama lina sura ya Kibantu. Mgeni kutoka Ulaya huwa na wasiwasi akiona "Mpwapwa", kwa hiyo huuliza. Sisi hatuulizi, na ndiyo maana tunakosea kwa kujiamini.

Hatua ya 1: Jua jina limeandikwa na mkono wa nani

Herufi zinazotumika kuanzia Barawa hadi Bujumbura ni zile zile za Kilatini, lakini kila lugha ilipangiwa herufi zake na watu wake: wamisionari wa Kiingereza huku, maofisa wa Kijerumani kule, Wabelgiji na Wafaransa upande mwingine, na Wasomali walijipangia wenyewe mwaka 1972.

Chukua herufi moja tu, c. Kiswahili hakina c inayosimama peke yake, kwa hiyo jicho letu halina la kusema. Burundi, c ni ch: Cibitoke ni "Chibitoke", Cankuzo ni "Chankuzo". Kwa Wakikuyu wengi c iko karibu na sh. Ukivuka kwa Wasomali, c ni ile 'ain ya Kiarabu inayotoka kooni kabisa. Jina likikupa mashaka, swali la kwanza liwe hili: hapa ni kwa nani, na wao wakiandika herufi hii humaanisha nini? Ukijua hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Hatua ya 2: Ng, ng', na pumzi ya puani

Hapa ndipo Tanzania na Kenya zinapowaangusha hata watu wake. Tofauti ya "ngoma" na "ng'ombe" kila mtoto wa shule anaijua, lakini ritifaa ni alama ndogo, na alama ndogo hupotea. Mchora vibao huisahau, fomu za kompyuta huikataa, mwenye haraka huiacha. Hivyo Chang'ombe ya Dar es Salaam inakuwa "Changombe", Ng'ambo ya Unguja inakuwa "Ngambo", na Murang'a inakuwa "Muranga". Kanuni yangu: kila jina lenye ng nisilolijua nalihesabu lina ritifaa iliyopotea mpaka mwenyeji anithibitishie kinyume chake. Majina mengine yana zote mbili. Vile vilima vya kusini magharibi mwa Nairobi, Ngong, huanza na ng ya ngoma na humalizikia kwa ng' ya ng'ombe, na katika Kiswahili ni salama zaidi kuandika Ngong'.

Sasa turudi Nyang'hwale, wilaya ya mkoa wa Geita. Kisukuma kina sauti ambazo Kiswahili hakina: ving'ong'o visivyo na mtetemo. Huandikwa kwa kuongeza h: mh, nh, ng'h. Msomaji wa Kiswahili akiiona h hiyo huitamka kama ya "hapa", akapata "m-hu" au "n-hu". Siyo hivyo. Ile h ni maelezo ya jinsi ya kutoa m, n au ng' iliyotangulia.

Jifunze hivi. Sema "ng'ombe", kisha bakia kwenye ng' pekee, uivute. Weka kidole kooni; utasikia koo linatetemeka. Sasa zima mtetemo huo, ulimi ubaki ulipo, pumzi iendelee kutoka puani, kama mtu anayepenga kamasi polepole asitake kusikika. Hiyo ndiyo ng'h. Ongeza "wale" mbele yake. Fanya hivyo hivyo kwa m upate Mhunze, makao makuu ya wilaya ya Kishapu, na kwa n upate Mwanhuzi, makao makuu ya Meatu. Wagogo wa Dodoma nao wana sauti za namna hii, kwa hiyo zoezi halitakupotea ukihamia huko.

Itakuchukua siku kadhaa, na watoto wa nyumbani watakucheka. Ukishindwa kabisa, sema "Nyang'wale". Wenyeji husamehe pumzi iliyopungua. Kinachowakera ni g iliyoongezwa.

Hatua ya 3: M inayosimama na m inayoegemea

Fupi hii. Katika Mtwara, Mpanda na Mpwapwa, m ni silabi kamili: m-twa-ra, m-pa-nda, m-pwa-pwa. Katika Mbeya, m imeshikana na b na silabi ni mbili tu, mbe-ya. Lakini Mbuyuni imetokana na mti, mbuyu, ambao m yake ni ya ngeli, kwa hiyo inasimama: m-bu-yu-ni. Kwa hiyo ukiona mb mwanzoni mwa jina, jiulize kama kuna mti au kitu ndani yake. Mkazo, kwa majina ya Kiswahili, ubaki silabi ya pili kutoka mwisho, pale pale ulipouzoea.

Hatua ya 4: Vuka kwenda Mlima Kenya ukiwa na irabu saba

Kikuyu na Kikamba zina irabu saba, sisi tuna tano. Zile mbili za ziada huandikwa kwa kiwimbi juu: ĩ na ũ. Ubaoni, kwenye ramani na kwenye magazeti kiwimbi hakiandikwi, kwa hiyo huwezi kujua kwa macho. Sikio la Mswahili likisikia ĩ hudhani ni e, na likisikia ũ hudhani ni o. Wenyewe wakijitaja, Gĩkũyũ, wewe unasikia karibu "Gekoyo". Kĩambu inakuja kama "Keambu". Mũrang'a kama "Morang'a". Gatũndũ kama "Gatondo". Kĩrĩnyaga kama "Kerenyaga".

Nyeri ndiyo inayonifurahisha. Kwa Kikuyu ni Nyĩrĩ, irabu ile ile mara mbili. Aliyeiandika kwa mara ya kwanza kwa herufi za serikali aliisikia ya kwanza kama e na ya pili kama i. Sauti moja, mkono mmoja, neno moja, na bado zikatoka herufi mbili tofauti. Ukitaka kumwonyesha mtu kwa nini ramani haiaminiki katika mambo ya matamshi, mwonyeshe Nyeri.

Jina la nchi yenyewe limepita njia hiyo hiyo. Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliuona mlima akiwa Ukambani, Kitui, Desemba 1849, na jina akalipata kwa Wakamba, ambao hawana r ya Kĩrĩnyaga. Kwao ilikuwa karibu na "Kĩĩnyaa". Waingereza wa enzi ya ukoloni wakawa wanasema "Kiinya". Baada ya uhuru wa 1963 ile e ikashika, na kusema kweli ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na mdomo wa Mkamba. Ukisikia mzee wa Kiingereza bado anasema "Kiinya", utajua alizaliwa lini bila kumwuliza.

Kingine cha kukumbuka huko ni th. Katika Kikuyu ni dh yetu ya "dhahabu", siyo th ya "thelathini". Thika kwa wenyeji huanza kama "dhi". Hii ni rahisi kwa sababu sauti tunayo. Tunachokosa ni habari tu.

Mwisho, g na k zinazobadilishana. Kikuyu, pamoja na Kinyarwanda na lugha nyingine kadhaa za ukanda huu, haipendi silabi mbili zinazofuatana zianze kwa sauti zisizo na mtetemo. Kiambishi cha ki au ka kikitangulia t, k, s na wenzao, hulegea kikawa gi au ga. Ndiyo sababu sisi tunasema Kikuyu, wao wanasema Gĩkũyũ. Rwanda nako utaona Gitarama na Gisenyi kwa gi, lakini Kibuye na Kibungo kwa ki, kwa kuwa b ina mtetemo wake. Kanuni haishiki kila mahali (Kicukiro ya Kigali haikuifuata), ila inaokoa. Na mpakani kati ya Rwanda na Uganda utaikuta imechorwa ubaoni: upande wa Rwanda ni Gatuna, upande wa Uganda ni Katuna. Hakuna aliyekosea. Dereva anayetafuta "mji mwingine" kwenye ramani anapoteza muda.

Hatua ya 5: Uganda, k inapogeuka ch

Katika Luganda, k ikikutana na i au y, hulainika hadi ikawa ch au karibu sana na ch. Penye ky usifikiri mara mbili: Kyambogo ni "Chambogo", Kyengera ni "Chengera", Kyotera ni "Chotera", Kyaliwajjala ni "Chaliwajjala". Magharibi ya nchi pia, Kyenjojo ni "Chenjojo" na Kyegegwa ni "Chegegwa". Penye ki utasikia kitu cha katikati: Wakiso ni kama "Wachiso", Makindye ni kama "Machindye", na soko la Kikuubo ni kama "Chikuubo". Lakini k ikifuatwa na e, a, o au u haiguswi. Makerere ni Makerere, Kampala ni Kampala.

Mambo mawili zaidi. Konsonanti iliyoandikwa mara mbili haikuandikwa kwa urembo. Ggaba, Bbunga: zuia pumzi kidogo kwenye g au b kabla ya kuiachia. Ukiiruka, Mganda atakuelewa, ila atajua umetoka mbali. Na irabu mbili ni irabu ndefu kweli, kama Kikuubo hapo juu. Usiikate ili basi liwahi.

Kuhusu jina la nchi, hapo ni sisi tuliotia mkono. Wenyewe walisema Buganda, na wakalimani na wafanyabiashara wa pwani wakaipa u ya Kiswahili, ikawa Uganda, na Waingereza wakaipokea hivyo kwa nchi nzima. Urundi na Usumbura ziliandikwa kwa u hiyo hiyo, mpaka uhuru wa 1962 uliporudisha b: Burundi, Bujumbura. Kwa hiyo Mswahili asijione daima mgeni anayebabaika. Mara nyingine yeye ndiye aliyeandika kibao.

Hatua ya 6: Rwanda na Burundi

C tumeshaimaliza. Cy ya Kinyarwanda isome ch pia: Kacyiru ni "Kachiru", Cyangugu ni "Changugu". Gicumbi ni "Gichumbi". K kabla ya i hulainika kidogo, si hadi kuwa ch kamili kama kwa Waganda, ndiyo maana ukimsikiliza kwa makini mtu wa Kigali akitaja mji wake, k yake inakaa mbele zaidi mdomoni kuliko yako.

Kinachowashangaza wageni wengi zaidi ni rw na bw. Ambapo sisi tunateleza tu kutoka r kwenda w, wao hupitia g njiani. Rwanda mdomoni mwa Mnyarwanda ina g nyepesi katikati, "Rgwanda". Rwamagana vivyo hivyo. Bwiza, mtaa wa Bujumbura, inasikika "Bgwiza". Usiandike g hiyo. Wala usiilazimishe. Mtu akiisema kwa nguvu kuliko wenyeji, inakuwa mzaha.

Halafu kuna jambo la majina kubadilishwa. Mwaka 2006 Rwanda ilipanga upya mikoa na wilaya, na miji kadhaa ikapata majina mapya ya kiutawala: Butare ikawa Huye, Gisenyi ikawa Rubavu, Ruhengeri ikawa Musanze, Cyangugu ikawa Rusizi. Kwenye tiketi utaona jipya, kwenye stendi utasikia la zamani. Katika habari nasoma jipya, na kama ni habari ya msiba au ya watu kutafutana naongeza la zamani, kwa kuwa anayesikiliza huenda aliondoka huko kabla ya mabadiliko.

Hatua ya 7: Penye mkono wa Kifaransa

Congo na Visiwa vya Ngazija (Comoro) majina yake ni ya jamaa zetu, ila yamevaa nguo za Kifaransa. Vua nguo hizo tatu:

Tsh ni ch. Rutshuru ni "Ruchuru", Tshopo ni "Chopo", Tshikapa ni "Chikapa".

Dj ni j. Kisiwa cha Idjwi kilichoko Ziwa Kivu ni "Ijwi", Djugu ni "Jugu", Ngazidja ni "Ngazija".

Ou ni u. Hii utaikuta zaidi Comoro kuliko Congo, kwa kuwa Wabelgiji waliandika u yetu kwa u ile ile (Bukavu, Butembo), wakati Wafaransa waliandika Moutsamoudou kwa mji ambao ni Mutsamudu tu.

Ukishazivua, mara nyingi jina linakufungukia lenyewe. Mbuji-Mayi, mji wa almasi huko Kasai, ni Kiluba cha Kasai (Tshiluba): mbuji ni mbuzi, mayi ni maji. Mswahili anayeisoma taratibu haambiwi.

Visiwa vyenyewe ni kesi ya pekee kwa sababu jina la Kifaransa na la wenyeji wakati mwingine hata hayafanani: Mwali huandikwa Mohéli, Nzwani huandikwa Anjouan. Katika Kiswahili hatuna sababu ya kupitia Paris kufika Nzwani. Sema Nzwani, sema Mwali.

Hatua ya 8: Kaskazini, kwa Wasomali

Herufi tatu zinatosha. X ni h nzito ya Kiarabu, c ni 'ain, na dh siyo ya "dhahabu" bali ni d inayotamkwa ulimi ukiwa umekunjwa nyuma. Njia rahisi ya kukumbuka ni kupitia majina ya watu: Xasan ni Hasan, Cabdi ni Abdi. Basi Xamar, jina la mitaani la Mogadishu, ni "Hamar", na Ceelwaaq unayoiona kwenye maandishi ya Kisomali ni El Wak ya kwenye ramani ya Kenya. Dadaab kwao ni Dhadhaab, yenye d hiyo iliyokunjwa mara mbili. Barawa huandikwa Baraawe, lakini wale wa mji huo wanaosema Chimwini, ndugu wa Kiswahili wa kaskazini kabisa, huuita Mwini.

Hatua ya 9: Jina la ubaoni na jina la mdomoni

Kuna majina ambayo hata ukiyatamka vizuri namna gani bado utajulikana ni mgeni, kwa sababu wenyeji hawayatumii. Ukifika Lamu, sikiliza: wao ni watu wa Amu, lahaja yao ni Kiamu. Kisiwa cha Mombasa kina jina lake la Mvita, na lahaja Kimvita. Makunduchi, kusini mwa Unguja, ni Kae, na lugha yao Kikae. Eldoret ilianza kama shamba namba 64 katika ramani ya walowezi, na watu wakaigeuza hiyo 64 ya Kiingereza kuwa "Sisibo". Wazee bado wanaisema.

Kariakoo ilikwenda njia hiyo hiyo ikashinda kabisa. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi wa kijeshi kilichoitwa Carrier Corps. Kambi yao Dar es Salaam ikawa Kariakoo, na Nairobi ikawa Kariokor. Mgeni anayejaribu kulirudisha jina kwenye Kiingereza chake, eti kwa usahihi, hatafika sokoni.

Na kuna makosa ya ubaoni yaliyokuja kusahihishwa. Lile bonde la visukuku karibu na Ngorongoro lilijulikana duniani kama Olduvai tangu Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alipofika huko mwaka 1911 akasikia vibaya. Kimaasai ni Oldupai, jina la mkonge pori unaoota pale. Vitabu vingi bado vina v. Mimi nasema Oldupai, na nikisoma jina la eneo la kihistoria kwa wageni nataja zote mbili mara moja, kisha naendelea na p.

Hatua ya 10: Namna ya kumwuliza mwenyeji

Hapa watu huharibu kwa adabu. Ukimwuliza mtu, "Samahani mzee, panaitwa Thika, sivyo?" atakujibu ndiyo. Atakujibu ndiyo hata kama umesema kitu cha ajabu, kwa sababu wewe ni mgeni na kumkosoa mgeni mlangoni si uungwana. Usimpe jina. Mwulize, "Hapa kwenu mnapaitaje?" au bora zaidi, mwachie nafasi ya kulisema bila kufikiri: "Ulizaliwa wapi, mzee?" Jina linalotoka katika jibu hilo ndilo lenyewe.

Uliza watu watatu wa aina tofauti. Mzee wa mahali pale atakupa jina kwa lugha ya kwao. Mwalimu au afisa wa kata atakupa la kiserikali. Kondakta atakupa lile linalotumika barabarani, ila naye mpokee kwa tahadhari: kwake Morogoro ni "Moro" na Arusha ni "Chuga", na ukimnukuu hewani utaonekana unatafuta abiria. Kama hujafika, piga simu ofisi ya kata au kituo cha afya, na sikiliza mpokeaji anavyojitambulisha. Mara nyingi hutahitaji hata kuuliza.

Rekodi kwenye simu, kwa ruhusa, jina likitamkwa mara mbili: peke yake, na ndani ya sentensi kama "natoka ..." Peke yake watu hulisema kwa madaha, ndani ya sentensi hulisema kweli. Usiku huo huo andika kadi. Juu, jina kama lilivyo kwenye barua rasmi. Chini yake, silabi moja moja kwa herufi za Kiswahili, ile yenye mkazo kwa herufi kubwa, na alama yako mwenyewe kwa sauti tusizokuwa nazo. Mimi natumia kiduara kwa pumzi ya puani na kiwimbi kwa irabu za Mlima Kenya. Chini kabisa, jina la kata au wilaya, kwa kuwa majina hujirudia. Mbuyuni ziko nyingi kuliko mibuyu iliyobaki.

Ni umbo lipi utumie?

Hili hubishaniwa sana, na mimi nina msimamo. Kiswahili kina haki ya kuwa na majina yake. Tunasema Maskati, hatuoni aibu. Tunasema Kikuyu, Uganda, Kisimayu. Jina ambalo tayari lina mwili wa Kiswahili uliozoeleka, lisemwe kwa Kiswahili. Ndani ya sentensi ya Kiswahili "Rgwanda" na "Gekoyo" zinakwaruza, na mwenyeji mwenyewe akizungumza Kiswahili huziacha. Lakini jina lisilo na umbo la Kiswahili, kijiji, mto, mtaa, wilaya mpya, halina kimbilio. Hilo ulifuate linavyotamkwa kwao, kadiri mdomo wako unavyoweza. Kacyiru kuwa "Kasiru" si Kiswahili, ni kutosoma. Ruchuru kuwa "Rut-shuru" vivyo hivyo.

Jambo la ritifaa nalo lisimamie kwenye maandishi, hata kama kompyuta inakataa. Ukiandika Chang'ombe sawasawa kwenye kibao kimoja, umewasaidia watu ambao hutawaona.

Na ukikosea hadharani, maana utakosea: rudia jina sahihi mara moja, "samahani, Mwanhuzi", umalizie sentensi uliyokuwa nayo. Usieleze jinsi jina lilivyo gumu, na usilicheke. Upande wa pili wa redio kuna mtu ambaye hapo ndipo kwao.